Ombi la uraia halijajibiwa, naweza kutoka nje ya nchi?

Mgeni wa Wete
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina jambo linaninyima usingizi. Anayejua anielekeze, asiyejua aniombee dua.

Niko Pemba miaka mingi, nimeoa hapa na watoto wanasoma hapa. Nimeomba uraia wa tajnisi, yaani ule wa kuomba, si wa kuzaliwa wala kurithi. Fomu nimejaza, sheha kanipa barua, tangazo la gazetini limetoka mara mbili kama inavyotakiwa, na wilayani wameshanihoji. Sasa nangoja jibu. Katikati ya kungoja imezuka safari ya nje ya nchi, ya lazima, si ya mbali wala si ya kukaa sana. Je, nikitoka ombi langu litaharibika? Mmoja ananiambia ukivuka tu faili linafungwa. Mwengine anasema nenda zako, nani atajua.

Naomba majibu ya haraka, nauli nimeshatoa.

Pweza wa Nazi
Yakhe, kama nauli umeshatoa hapa hutaki ushauri, unataka kusindikizwa.

Bi Shuwea
Wa alaykum salaam mwanangu. Vuta subira, mambo ya serikali hayataki pupa. Mtoto wa dada yangu alitoka kwenda Maskati kwa harusi tu, akatuambia siku chache. Kule akapata kazi kwenye duka la udi na manukato, na mama yake alizikwa yeye hayupo. Hakuwa na ombi lolote la uraia, lakini nakwambia safari zina tabia ya kurefuka.

Wakili Asiyelipwa
Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtaka muombaji wa tajnisi awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya tarehe ya kupeleka ombi. Na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo, awe ameishi humu kwa jumla isiyopungua miaka 7. Soma tena: hesabu inaanzia siku ya ombi na kurudi nyuma. Kwa hiyo anayekwambia ukivuka maji faili linafungwa, muombe akuonyeshe kifungu.

Ila miaka peke yake haitoshi. Wanatazama pia tabia njema, na kama una nia ya kuendelea kuishi hapa. Mwenye kauli ya mwisho ni Waziri wa Mambo ya Ndani, na sheria haimlazimishi kutaja sababu akikataa. Ukiitwa tena kuhojiwa na hupatikani, au ukionekana umetoka kwa njia isiyoeleweka, hutaambiwa ni hilo lililokuangusha.

Sasa nijibu: unakwenda wapi, unapitia wapi, na mkononi una pasipoti ya nchi gani?

Tanga Raha
Mkuu pita Horohoro, hakuna presha. Mimi kila mara niko Mombasa kufuata mitumba, nagonga muhuri huku, nagonga upande wa Lunga Lunga, safari inaendelea. Siku moja tu tulikwama, konda alikuwa amejaza dagaa juu ya mizigo ya watu, basi zima likaanza kugombana, mama mmoja akamvua konda kofia akaikalia mpaka Mombasa. Nilicheka mpaka nikasahau begi.

Mtoto wa Ng'ambo
Haya mambo yananikumbusha baba yangu. Mngazija, asili yake Komoro, lakini kazaliwa Unguja, kasoma Unguja, hajui pengine. Baada ya Mapinduzi Wangazija wakaambiwa wao si raia mpaka watajnisi. Akaomba, akapata. Ile karatasi aliitia kwenye mfuko wa nailoni na kuilaza chini ya godoro, na kila mvua ikinyesha anauliza kama bati halivuji upande ule. Kwao Ngazija hakwenda kamwe. Dada yake alipofiwa na mume akatuma rambirambi kwa redio ya upepo ya rafiki yake, akasema mimi nikitoka sirudi. Alikuwa raia kamili tayari! Woga ulimganda.

Swali lako sijalijibu, najua. Lakini usiwacheke watu wanaoogopa.

Mgeni wa Wete
Shukrani nyote. Nakwenda Shimoni, Kenya, mama yangu ni mgonjwa. Nitapanda mashua hapa Wete, nahodha anangoja kaskazi ipoe kidogo tuondoke. Hati si tatizo.

Wakili Asiyelipwa
"Hati si tatizo" si jina la nchi.

Pweza wa Nazi
Kwani mke si Mpemba? Basi tajnisi ya nini, wewe umeshakuwa mkwe wa taifa.

Karafuu Mbichi
Pweza usipotoshe watu. Njia ya ndoa kwenye sheria yetu imewekwa kwa mwanamke mgeni aliyeolewa na raia. Mwanamme mgeni aliyeoa Mtanzania anapita mlango ule ule mrefu wa miaka 7. Dada zetu wamelilalamikia hilo sana na wana haki.

Na wewe Mgeni, mimi kuna kitu kinanikera. Nauli ya mashua mpaka Shimoni ndiyo ya kukunyima usingizi?

Mgeni wa Wete
Bi Karafuu, naona umenikamia. Sawa, naeleza.

Nimezaliwa Shimoni. Babu yangu ni mtu wa Msuka, hapa hapa Pemba, alivuka kwa kuvua kabla ya Mapinduzi, akaoa kule, akabakia kule. Baba kazaliwa kule. Tumeishi kule bila kitambulisho. Wakenya wanatuita Wapemba, na mie nilipokuja Pemba nikaitwa Mkenya. Hapa ndipo nilipopata mke, kazi na heshima. Mimi ni fundi cherahani, kanzu zangu zinavaliwa mpaka Chake. Sina nchi nyengine moyoni.

Mama anaumwa kweli. Lakini pia kuna rafiki kanitafutia kazi ya kushona Maskati, na tiketi ya ndege ni kutokea Mombasa. Ni mwaka mmoja tu. Labda na nusu.

Bi Shuwea
Mnaona? Maskati.

Wakili Asiyelipwa
Kumbe safari "si ya kukaa sana".

Tuchukue la babu kwanza, maana wengi wanaliuliza. Mtu aliyezaliwa nje ya nchi baada ya Muungano ni raia wa kurithi ikiwa siku anazaliwa, baba au mama yake alikuwa raia, na mzazi huyo mwenyewe hakuupata uraia kwa kurithi. Kurithi kunashuka ngazi moja tu nje ya nchi. Babu wa Msuka, baba wa Shimoni, wewe wa Shimoni: ngazi imekwisha kabla haijakufikia. Kwa hiyo tajnisi ilikuwa njia sahihi, hapo nakuunga mkono.

La pili. Mwaka 2023 Kenya iliwatambua Wapemba wa pwani yake kuwa kabila la nchi hiyo, watu wakaanza kupewa vitambulisho. Ndege ya kwenda Maskati haipandwi kwa barua ya sheha. Nakuuliza mara ya tatu na sitauliza tena.

Mgeni wa Wete
Ndiyo, kitambulisho cha Kenya kipo. Alinichukulia shangazi, mimi sikukitaka. Pasipoti iko tayari Mombasa, inangoja kuchukuliwa tu.

Na kabla hamjanirukia: kwenye fomu ya hapa, penye uraia wa sasa, aliyenisaidia kujaza aliandika sina uraia wowote. Wakati ule ndivyo nilivyokuwa najihisi. Nina miaka yangu yote hapa, nalipa kodi ya fremu, sijamdhulumu mtu. Kadi moja ya plastiki ndiyo inifanye mwongo?

Karafuu Mbichi
Kitambulisho cha Kenya kinachukuliwa alama za vidole. Shangazi alikuazima vidole?

Pweza wa Nazi
Fundi huyo, alimshonea shangazi mikono.

Mgeni wa Wete
Nilikwenda mara moja tu, kwa ajili ya mazishi, nikakuta watu wamepanga foleni, nikapanga. Ungekuwa wewe ungeondoka? Mtu aliyekaa maisha yake yote bila karatasi akaitwa achukue karatasi, na mpaji anatabasamu. Msinihukumu mkiwa na vitambulisho vyenu mfukoni.

Mtoto wa Ng'ambo
Mimi ningepanga foleni. Nasema kweli.

Kojani Asili
Nimesoma kimya tangu juu. Ngojeni niseme jambo.

Huyu anasema kazaliwa Shimoni na nahodha wake "anangoja kaskazi ipoe". Jamani, huu ni mwezi wa saba! Kaskazi imeshakwenda zake tangu Machi, sasa hivi kusi linapiga mpaka makuti yanalia. Sisi tunaokwenda dago, kambi za uvuvi, upande wa Kenya tunajua, kusi na mkondo vyote vinakupeleka juu wenyewe, kazi ni kurudi. Mtoto wa Shimoni, mjukuu wa mvuvi, hajui upepo? Hii hadithi imetungwa, na aliyeitunga yuko mjini na feni juu ya kichwa.

Tanga Raha
Duh. Mimi nilishaanza kumhurumia.

Pweza wa Nazi
Mimi nasema ni mtu wa Uhamiaji anatega nyavu. Anangoja mmoja wetu aseme "hata mimi nina vitambulisho viwili", kesho asubuhi anagongewa mlango. Wenye viwili msijibu. Usijibu, Ami yangu, nakuona uko hapa.

Karafuu Mbichi
Na mama mgonjwa kapotea tangu Maskati ilipotajwa. Swali dogo, Mgeni: Shimoni inatazamana na kisiwa gani?

Kojani Asili
Wasini anaijua kila mtalii aliyekwenda kutazama pomboo. Muulizeni bibi yake alisema lugha gani nyumbani.

Bi Shuwea
Nyinyi watu hamna haya. Mtoto kaja na salamu.

Mgeni wa Wete
Bibi mzaa mama alisema Kichifundi, na akikasirika hatumfahamu hata sisi. Upepo mie sijui kwa sababu baba alinitia chuoni, kisha kwa fundi cherahani, nisife maji kama ami zangu. Nahodha kasema "upepo", kaskazi nimeitia mwenyewe. Sijaja hapa kufanyiwa mtihani wa ubaharia.

Wakili Asiyelipwa
Iwe ya kweli au ya kutungwa, kuna mtu mwengine anasoma mwenye hali hii hii, basi namjibu huyo.

Kenya haitakunyang'anya uraia wake kwa kuomba wetu, katiba yao ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili. Tatizo liko upande huu. Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika viwili. Ukikubaliwa tajnisi unatakiwa kuukana ule wa mwanzo, ndipo unaapishwa. Huwezi kuukana uraia ambao kwenye fomu umesema huna. Na aliyepata tajnisi kwa maelezo ya uongo au kwa kuficha jambo la msingi, sheria inampa Waziri uwezo wa kumvua, hata miaka imepita na wajukuu wamezaliwa.

Kwa hiyo mashua isubiri. Nenda ofisi ya Uhamiaji ya wilaya ulikopeleka ombi, na barua ya kurekebisha maelezo, na nakala ya hicho kitambulisho. Omba wakugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Kisha kama mama anaumwa, nenda ukamuone kwa njia yenye muhuri wa kutoka na wa kuingia, urudi. Maskati kwa pasipoti ya Kenya, mwaka mmoja "labda na nusu", huku umeandika unakusudia kuishi Pemba: hilo sina namna ya kukupambia.

Mgeni wa Wete
Nikipeleka barua hiyo si ndiyo najichongea mwenyewe? Na kazi haitaningoja, mwenye duka anataka fundi kabla mwezi haujaisha. Nilidhani mtaniambia kama kutoka kunaruhusiwa au hakuruhusiwi.

Wakili Asiyelipwa
Kunaruhusiwa. Nilikwambia jana.

Limbani Juu
Samahanini, mimi si mchangiaji, napita tu. Fundi wa kanzu, Wete, mkwe wa watu wa Bopwe, ana kijana mmoja dukani anayesikiliza mpira kwa sauti kubwa? Kama ndiye, kitambaa changu cha kanzu ya harusi ya mdogo wangu kiko kwako tangu mfungo sita na nimeambiwa kila wiki "njoo kesho".

Kojani Asili
Astaghfirullah, kumbe yupo!

Mgeni wa Wete
Kaka, kitambaa chako kimeshakatwa, bado mikono na kola. Njoo Alkhamisi baada ya adhuhuri. Na hayo ya Bopwe tafadhali yafute.

Limbani Juu
Nafuta nikishavaa.