Wasomaji wa Google wametoweka baada ya Eid, nianzie wapi?

BiKaimati
Assalaam alaykum jamani. Nina tovuti ya mapishi ya Kizanzibari, nilianza nayo Blogger, ile huduma ya blogu ya Google, jina la tovuti nimelinunua mwenyewe. Baada tu ya Eid nikamlipa kijana akanihamishia WordPress, mfumo mwingine wa kuendeshea tovuti. Leo Search Console, ile zana ya Google ya kuonyesha watu wanavyoifikia tovuti, inaniambia mibofyo ya siku 28, mpaka 12 Aprili 2025, ni theluthi tu ya ile ya tarehe kama hizi mwaka jana. Nasikia Google walikuwa na sasisho kubwa la namna wanavyopanga matokeo ya utafutaji, tangu 13 hadi 27 Machi, na kila ninayemuuliza ananambia ndilo hilo, niandike upya makala zote. Makala ni zaidi ya mia tatu na mie nna duka la vitambaa la kuangalia.

Chapchap_Digital
Pole dada, sasisho hilo limewapiga wengi. Dawa ni linki. Nina kifurushi cha linki mia mbili za kutoka tovuti nyingine kuja kwako, njoo PM, tuongee faragha.

MzeeWaSeva
Waalaykum salaam Bi Kaimati. PM usiende. Linki za kununua Google wanazihesabu ni ulaghai, utaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Kwanza hesabu yako ina walakini. Mwaka jana tulifunga kuanzia 12 Machi hivi, tukala Eid 10 Aprili. Kwa hiyo siku zako 28 za mwaka jana karibu zote ni za mfungo. Mwaka huu Ramadhani imeisha mwisho wa Machi, na nusu ya siku unazolinganisha hakuna mtu anayetafuta futari. Linganisha mfungo kwa mfungo: 2 hadi 30 Machi mwaka huu na 12 Machi hadi 9 Aprili mwaka jana. Search Console inatunza miezi 16, data bado ipo.

Kisha nenda kwenye orodha ya kurasa, uipange kwa tofauti ya mibofyo, utazame mmoja mmoja. Ukurasa uliotoka nafasi ya 3 kwenye matokeo ukateremka hadi ya 9, shuku sasisho. Kama unaonekana vilevile na nafasi ni ileile ila watu hawabofyi, huenda wanajibiwa juu kabisa na ule muhtasari wa akili mnemba. Lakini ukurasa uliokatika ghafla mpaka sifuri hauna kosa la uandishi. Google hawaukuti tu.

Na mimi nashuku hilo la mwisho. Anwani za Blogger zina mwaka, mwezi na .html mwishoni, mfano /2019/05/mkate-wa-kumimina.html. WordPress haiziweki hivyo yenyewe. Bandika anwani moja ya zamani kwenye kisanduku cha ukaguzi kule juu ya Search Console. Pia kwenye WordPress fungua Settings, kisha Reading, uone kama kile kisanduku cha kuzuia injini za utafutaji kina tiki. Mafundi hukiweka wakati wa ujenzi, wakaondoka nacho kikiwa hivyo.

BiKaimati
Tiki haipo. Mfungo kwa mfungo tumelingana, tena mwaka huu tumezidi kidogo! Ila mkate wa kumimina ni 404, eti ukurasa haupo. Visheti 404, vibibi 404. Kijana anasema atazielekeza zote ukurasa wa mwanzo, yatakwisha.

MzeeWaSeva
Basi sasisho halina kesi, lilipita katikati ya mfungo na hukutikisika.

Za kijana mkatalie. Ukirundika zote ukurasa wa mwanzo, Google wanazichukulia kama 404 zilezile, na yule aliyeko Muscat anayetaka visheti atafunga aende kwingine. Kila anwani ya zamani iende kwa pacha wake mpya, kwa 301, yaani kuelekeza kwa kudumu. Si kazi ya kufanya moja moja: kanuni moja ya kukata mwaka, mwezi na .html itamaliza nyingi. Zitakazobaki ni zile za vichwa virefu, maana Blogger huvifupisha kwenye anwani. Hizo fanya kwa mkono, ukianza na zenye mibofyo mingi. Jaribu na zile za simu zinazoishia ?m=1. Zikishakaa sawa peleka Search Console ramani mpya ya tovuti (sitemap, orodha ya kurasa zako), na hizo 301 zisiondolewe kabla ya mwaka kupita.

BiKaimati
Na makala?

MzeeWaSeva
Usiguse hata moja kwa sasa. Na ile blogu ya zamani kule Blogger usiifute, orodha ya anwani utaitoa huko. Nyingine ni kusubiri, wiki kadhaa.