Kukimbia masafa marefu kwa mguu bandia: jasho la Dar na hofu ya kuanguka

Swali: Wakuu, mtu aliyekatwa mguu chini ya goti, anayetembea vizuri kwa mguu bandia wa kawaida, aanzeje ili afikie kilomita 10? Hofu yake kubwa ni mguu kuchomoka mbele za watu.

Jibu: Mkuu, kwa kawaida mguu huanza kulegea kwanza kabla ya kuchomoka. Kigutu (sehemu ya mguu iliyobaki) husinyaa kadiri unavyokimbia, kinazama kwenye soketi (kikombe cha mguu bandia kinachokishika) na kugonga sakafu yake. Beba soksi mbili nyembamba za kigutu mfukoni, uongeze moja mara tu ukihisi mguu unacheza. Joto la Dar ndilo shida zaidi: jasho hujaa ndani ya laina ya silikoni (soksi laini ya mpira inayovaliwa kwenye kigutu), ngozi inateleza, malengelenge yanatoka. Simama kila kilomita 2, vua, futa kwa taulo kavu, vaa tena. Fanyia mazoezi nyumbani mpaka mikono izoee. Hofu inapungua sana ukijua la kufanya.

Jibu: Naongezea. Kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara 8. Siku tatu kwa wiki, zisifuatane. Toure Drive alfajiri panafaa. Mchanga wa Coco Beach hapana kabisa, kifundo cha bandia hakijirekebishi. Alama nyekundu kwenye kigutu isiyofutika dakika 20 baada ya kuvua? Acha, mwone mtaalamu wa viungo bandia.

Jibu: Na ule mguu wa kukimbilia wa bapa la kaboni usubiri. Hauna kisigino, hata kusimama nao ni kazi, na soketi isiyokaa vizuri itaumiza vilevile.