Naombeni ushauri: marafiki wananiita safari ya Xi'an, na nyumbani baba anauza shamba ili nisome

BintiMwalimu

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine habari zenu. Nimekuwa msomaji wa jamvi hili miaka mingi bila kuandika. Leo limenifika.

Niko Wuhan, China, mwaka wa tatu wa udaktari. Sina ufadhili. Wenzangu wa shahada ya kwanza wenye ufadhili wa serikali ya China wanapata yuan 2,500 kwa mwezi na bweni bure. Mimi ada, bweni na chakula vyote vinatoka kwa baba, mwalimu wa historia aliyestaafu. Kiinua mgongo chake kiliishia mwaka wangu wa kwanza. Mwaka jana aliuza ekari mbili za miti Njombe, na sasa nasikia kwa mdogo wangu kwamba ekari nyingine inatafutiwa mteja. Baba mwenyewe hajaniambia.

Nina marafiki wanne, Mzambia, Mganda na Wapakistani wawili, na urafiki wetu ni wa kweli. Mwaka jana nilipolazwa, yule Mzambia alilala siku tatu kwenye kiti pembeni ya kitanda changu, akiniandikia mihadhara niliyokosa. Tunapika pamoja, tunasoma pamoja. Tofauti yetu ni kwamba wao kwao pesa ipo.

Mwezi wa tano, sikukuu ya wafanyakazi, tulikwenda Nanjing. Nilikuwa na pesa yangu kidogo ya kujibana. Tumefika, mambo yakawa ya kugawana sawa kwa sawa, hapa wanaita AA. Wameagiza samaki na nyama meza nzima, mimi nimekula wali na mboga, bili inagawanywa kwa watano. Usiku wakataka kupanda mashua mto Qinhuai, nikaona aibu kubaki ukingoni peke yangu. Nilirudi Wuhan nikiwa na deni la yuan 620 kwa Mpakistani mmoja. Hajawahi kunidai hata siku moja, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Halafu nilikosea. Niliweka picha za Nanjing WhatsApp. Shangazi akamwonyesha baba, akamwambia mtoto wako anatalii. Baba alinipigia, hakufoka. Alisema tu, "Soma, mwanangu." Tangu siku ile sijaweka picha yoyote, na kila nikiongea naye naona kama kuna kitu katikati yetu.

Sasa sikukuu ya taifa inaanza Oktoba 1, wiki nzima hakuna masomo. Wenzangu wanakwenda Xi'an siku tano na wanataka jibu kesho, maana tiketi za treni hufunguliwa siku 15 kabla na wiki ile nchi nzima inasafiri. Nimeweka akiba yuan 1,400, na pesa ya nyumbani inayofuata ni ya Novemba. Nikikataa, itakuwa mara ya tatu mwaka huu, na nimeishiwa visingizio. Nikikubali, namwona baba na ramani ya shamba mkononi.

Niende au nibaki? Na kama ni kwenda, nyumbani naanzaje kusema?

Mtoto wa Mandazi

Dada, nitakuambia bila kuzunguka kwa sababu nimepita hapo. Mama yangu alinisomesha India kwa mandazi na mkopo wa kikundi. Nilikaa Pune miaka mitatu na sikutoka nje ya mji ule hata siku moja. Wenzangu walikwenda Goa, walikwenda Mumbai, mimi nilibaki na vitabu.

Shamba likiuzwa halirudi. Safari ya Xi'an utakwenda ukiwa daktari kwa pesa yako. Una deni la watu mkononi na unapanga safari? Usiende.

Mama wa Watatu

Binti yangu, marahaba. Mimi ni mzazi, mwanangu wa kwanza yuko Malaysia, kwa hiyo naongea nikiwa upande wa baba yako.

Mwaka juzi jirani alinionyesha picha ya mwanangu ufukweni Penang. Roho iliniuma, na nilimnunia wiki mbili. Baadaye nilikaa nikajiuliza kinachoniuma ni nini. Nauli ilikuwa ya kwake, alifundisha watoto wa watu hesabu. Kilichoniuma ni kuambiwa na jirani. Mtoto wangu anakwenda mahali, mimi niliyemzaa najua baada ya mtaa mzima. Nilijiona mtu wa kutuma pesa tu.

Unasema kuna kitu katikati yako na baba. Naogopa ni hicho. Mzee hajakuambia habari ya shamba, wewe hujamwambia habari ya Nanjing, kila mmoja anamficha mwenzake akidhani anamlinda. Mpigie leo, kabla hujawajibu marafiki. Usimwombe pesa. Mwambie unavyoishi: hao marafiki ni akina nani, deni ulilipataje, akiba unayo kiasi gani. Na hili la shamba lianze wewe, umwambie umelisikia. Baba anayejua mwanawe analala na deni atakusaidia kufikiri hata kama hana cha kukutumia.

Behewa la Sita

Mdogo wangu, mimi nimesoma Wuhan, nimemaliza 2016. Uamuzi nakuachia wewe na mzee. Ila usikate shauri kwa bei za marafiki zako, maana Xi'an ina bei mbili.

Wao bila shaka wanapanga treni ya G, ile ya mwendo kasi. Ni saa chache tu, na kwa nauli yake unalipa karibu mara tatu ya kiti kigumu cha treni ya kawaida. Tafuta treni ya usiku ya herufi K au T. Nilipokuwa huko kiti kigumu kilikuwa kama yuan 140 na kitu. Ni usiku mzima na asubuhi juu yake, taa hazizimwi, watu wanakula mbegu za alizeti na tambi za kopo, wengine wamesimama njiani kwa sababu wamekata tiketi zisizo na kiti. Ni mateso, sikufichi. Lakini nilijifunza Kichina kwenye viti vile kuliko darasani. Beba shali, maji ya moto ni bure mwisho wa behewa. Na zuri lake moja: treni ya G inakushusha kituo cha kaskazini, mbali, ya kawaida inakushusha kituo cha zamani, ukitoka nje unauona ukuta wa mji mbele yako.

Nenda na kitambulisho cha mwanafunzi, sehemu nyingi kiingilio ni nusu. Kwa wale wanajeshi wa udongo waliozikwa kulinda kaburi la mfalme wa kale, usipande gari za wanaokuvuta mkono stesheni. Chukua metro laini ya 9 mpaka Huaqingchi, kisha basi la umma. Ukuta wa mji una mzunguko wa karibu kilomita 14, watu wanakodi baiskeli juu yake, lakini kutembea hakulipiwi zaidi ya kiingilio.

Chakula hakitakusumbua. Mtaa wa Waislamu uko katikati ya mji, na ndani yake kuna Msikiti Mkuu ulioanzishwa mwaka 742, umejengwa kwa paa za Kichina kabisa, hauna kuba. Wapakistani wako wataupenda. Pale agiza paomo. Unaletewa bakuli na mkate mgumu, unaumega mwenyewe vipande vidogo vidogo, wanakurudishia ukiwa ndani ya mchuzi wa kondoo. Ukila huo mchana, usiku hutatafuta chakula.

Sasa jambo ambalo hujalisema: hati yako ya kusafiria iko wapi? Septemba ndio mwezi wa kuhuisha vibali vya ukaaji. Kama imebaki uhamiaji una stakabadhi tu, angalia tarehe ya kuichukua kabla hujakata chochote. Tiketi inaunganishwa na namba ya hati, na hoteli lazima ikuandikishe polisi. Ukilala kwa mtu binafsi, kujiandikisha ndani ya saa 24 ni juu yenu. Nyumba ya wageni iulize kabla ya kulipa kama inapokea wageni wa nje. Na chuo chako kikitaka taarifa ya kutoka mjini, toa. Usije ukahatarisha kibali kwa ajili ya siku tano.

Mtu wa Malindi

Dadangu, hujambo. Mimi ni Mkenya, niko Guangzhou kikazi. Hapo kwa AA nina neno.

Shida yako Nanjing ni kwamba ulinyamaza hadi bili ikaja. Ukisema mezani, watu wanasikia lawama. Ukisema kabla ya tiketi kukatwa, wanasikia mpango. Waambie leo: "Nina kiasi hiki, hakizidi. Usafiri na malazi nitajilipia ya kwangu, chakula kila mtu alipe alichoagiza. Mkienda mahali ghali, tutaonana jioni." Rafiki aliyelala kwenye kiti siku tatu atashindwaje kuelewa? Mimi nadhani hata yule mwenye kukukopesha hajui kwamba ulikuwa huna. Anadhani ulisahau pochi.

Na kwa kuwa ulishafika Nanjing, natumai ulikiona kile kiwanda cha kale cha meli za Zheng He, yule amiri wa bahari wa Kichina wa karne ya 15. Meli zake zilifika kwetu, na mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea Yongle, mfalme wa China, twiga. Nilipokuwa mdogo tulionyeshwa habari hiyo kama hadithi. Niliposimama pale kwenye mabwawa ya kujengea meli, nilimpigia babu simu nikiwa nalia. Mwanafunzi wa nchi ya watu akitembea huwa anakuta na mambo ya kwao huko. Baba yako ni mwalimu wa historia, bwana. Hilo umelifikiria?

BintiMwalimu

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Asanteni sana.

Behewa la Sita, hati iko uhamiaji, stakabadhi inasema Septemba 26. Sikuwa nimeliwaza kabisa. Mtu wa Malindi, Nanjing hatukukiona hicho kiwanda. Tulikwenda madukani.

Mama wa Watatu, umenigusa pabaya. Nampigia baba jioni akitoka msikitini.

Mtoto wa Mandazi

Dada, nimerudi, kwa sababu sikumaliza kusema na haijakaa vizuri moyoni.

Nilipohitimu na kurudi nyumbani, mama alialika majirani. Mbele yao akaniambia, haya tuelezee India, ile nyumba nyeupe ya marumaru ikoje. Sikuwa nimeiona. Sikuwa nimeona kitu. Nikaelezea njia ya kutoka hosteli kwenda chuo. Mama alitabasamu, lakini niliona amepungukiwa. Alikuwa ameuza mandazi miaka mitatu na alitarajia nimletee India, nami nilileta cheti.

Bado nasema usisafiri na deni, hapo sibadiliki. Lakini ule "usiende" wangu nilioanza nao ulikuwa mkali kuliko ninavyoamini.

BintiMwalimu

Wakuu, mrejesho.

Nimeongea na baba saa nzima na nusu. Nilianza na shamba. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema mteja alikuja, wakashindwana bei, na ameamua kungoja kwanza mwaka huu kwa sababu ada ya muhula huu imeshatimia kwa mkopo wa SACCOS ya walimu. Hakutaka nijue kwa kuogopa nitaacha kula. Tulilia wote wawili, naye si mtu wa kulia.

Nikamweleza Nanjing, mashua, samaki, deni. Hapo akawa mwalimu. Akaniuliza, "Deni la nani, kiasi gani, tangu lini?" Nikajibu. Akasema deni la watu linalipwa leo, si kesho, na kitakachobaki ndicho changu, nikitumie nitakavyo, ila nisirudi Wuhan na deni jingine. Kuhusu picha alisema shangazi ana maneno yake. Yeye kilichomuuma ni kwamba nilisimama kwenye mji uliokuwa makao ya wafalme wa Ming na sikumwambia.

Kisha yeye ndiye aliyenihadithia Xi'an! Kwamba mwaka 1974 wakulima walikuwa wanachimba kisima wakakuta kichwa cha udongo. Kwamba kaburi lenyewe la Qin Shi Huang, mfalme mkuu wa kwanza wa China, bado halijafunguliwa. Amefundisha miaka 34 na hajawahi kupanda ndege.

Nimelipa yuan 620 jana usiku. Mpakistani alishangaa, akakataa, nikamlazimisha akapokea. Nimebaki na 780. Niliwaambia wote wanne kama Mtu wa Malindi alivyosema, kwa maneno yale yale. Mzambia alikasirika, na si kwa sababu ya pesa. Alisema miezi minne nimemfanya adhani nimemchoka. Bado hatujakaa sawa sawa mimi naye, ila ameniambia atarudi na mimi kwenye kiti kigumu.

Siendi siku tano. Wao wanatangulia na treni ya G Oktoba 1. Mimi naondoka usiku wa tarehe 2, nakaa siku mbili, naondoka nao tarehe 5. Kiti kigumu cha kwenda nimekipata, cha kurudi bado, tiketi za siku ile zinafunguliwa kesho. Behewa la Sita, kama unajua saa ambayo tiketi zinazorudishwa huonekana tena kwenye programu ya tiketi, naomba uniambie.

Baba ameniagiza swali moja la kumjibu nikiwa pale pale: kama ni kweli kila askari ana sura yake. Anataka nimpigie kwa video nizunguke nao mstari mmoja, taratibu, bila kuongea.