Barabara tulivu ya milimani: unaijuaje ukiwa bado na ramani mkononi?

PumziFupi

Wakuu, heshima kwenu. Barabara kuu zimenishinda. Nanyonga baiskeli ya mbio, tairi za milimita 28, gia ndogo ya mbele ina meno 34, kubwa ya nyuma ina 28. Ninachotaka ni vilima, lami, mandhari ya kunitoa mawazo, na magari ya kuhesabika. Programu za kuchora njia zinanipeleka huku au kule: ama kwenye malori, ama kwenye vijia vya mbuzi ambavyo baiskeli yangu haiviwezi.

Kwa hiyo nauliza: mtu anaitambuaje barabara tulivu kabla hajaifikia? Na hizi asilimia za mwinuko nizichukulieje? Nimechora mzunguko wa kilomita 62, programu inasema nitapanda jumla ya mita 1,240, na mahali fulani imeandika asilimia 23. Hapo nimeingiwa na ubaridi.

MzeeWaKontua

PumziFupi, kila ukitazama barabara kwenye ramani jiulize: gari litafuata nini huku? Ukipata jibu, ujue magari yapo. Ukikosa, hiyo ndiyo yako. Mengine yote nitakayosema yanatokana na swali hilo.

Anza kwa kuikwepa barabara ya bondeni. Najua ni nzuri, mto uko kushoto, milima kulia, na miguu haiumii. Lakini kila chombo kinachovuka milima kinatafuta njia isiyopanda, ndiyo maana reli, nguzo za umeme na malori vyote vimejazana humo. Inua macho kwenye mgongo wa kilima. Barabara inayofuata mgongo unaipanda mara moja, kisha inakwenda ikiyumba juu kwa juu, na mandhari unayo pande zote mbili. Ile inayokata migongo, inashuka bonde, inapanda, inashuka tena, iache mpaka miguu izoee. Kwenye ramani inaonekana fupi, ila ndiyo inayomaliza watu.

Pili, tafuta barabara iliyostaafishwa. Popote walipotoboa handaki au kunyoosha njia mpya, ya zamani mara nyingi haikufutwa. Iko pembeni inajikunja, na mwenye haraka hana shida nayo tena. Mfano unaojulikana ni njia ya milimani ya Gotthard kule Uswisi. Tangu handaki la magari la kilomita 16.9 lifunguliwe mwaka 1980, wanaowahi wanapita chini ya mlima. Huko juu, upande wa mji mdogo wa Airolo, imebaki Tremola, barabara ya kale ya mawe ya kupanga yenye kona kali 24. Kwa tairi zako za 28 mikono itakufa ganzi, lakini kelele za malori hutazisikia.

Usichanganye utulivu na sifa. Stelvio, njia ya milimani ya Italia, ina urefu wa mita 2,757 kutoka usawa wa bahari, kona 48 upande mmoja, na kila mpenda baiskeli anaiota. Waendesha pikipiki nao wanaiota, na siku ya jua wakati wa kiangazi wote mnakutana huko. Hata wenyewe wana siku ya mwaka wanayoifunga kwa magari ili baiskeli zipumue.

Tatu, msidharau barabara isiyotokea popote. Inayokwenda kwenye bwawa ikaishia hapo, au kwenye mnara wa mawasiliano, mara nyingi ina lami nzuri kwa sababu ilijengwa ibebe mitambo mizito, na ujenzi ulipokwisha mitambo ikaondoka. Wengi hawapendi kurudi walikopita. Mimi naona ni kisingizio. Ukipanda unatazama gurudumu la mbele, bonde lenyewe unaliona wakati wa kushuka.

Halafu washa picha ya satelaiti ukague mwisho wa kila tawi la barabara. Ukiona doa kubwa jeupe au la kahawia lenye ngazi, hilo ni chimbo la mawe, na chimbo lina malori siku za kazi. Ukiona magogo yamelazwa kwa mafungu, vivyo hivyo. Barabara hiyo hiyo Jumapili asubuhi inaweza kuwa yako peke yako.

Sasa hiyo asilimia 23. Usiikimbie bado. Programu nyingi hupata urefu wa ardhi kutoka kwenye vipimo kama vya SRTM, vilivyochukuliwa na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, takriban nukta moja kila mita 30. Barabara ya milimani huchongwa ubavuni mwa mlima. Mstari wako ukipotoka mita chache tu, programu inasoma genge lililo juu ya barabara au korongo lililo chini yake, na inaamini kwamba wewe ndiye uliyeruka. Kwenye madaraja na mahandaki ndiyo inachanganyikiwa kabisa.

Hesabu kontua mwenyewe, ile mistari ya ramani inayounganisha mahali penye urefu mmoja. Kama zimeachana mita 20 za urefu, na ndani ya kilomita moja ya barabara umevuka nne, umepanda mita 80, yaani asilimia 8. Pima kwa kuifuata barabara yenyewe na kona zake. Ukinyoosha rula utapata namba za kutisha bure, maana kona ziliwekwa pale kusudi mwinuko upungue.

GiaNdogo

Mzee kamaliza upande wa ramani. Mimi niko kwenye gia zako, PumziFupi, kwa sababu hapo ndipo jina lako lilipotoka.

Meno 34 mbele na 28 nyuma, ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika, unakwenda kama kilomita 9 kwa saa. Tuseme wewe na baiskeli mna kilo 80. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, kazi ya kuinua uzito huo peke yake ni kama wati 200, bado msuguano wa tairi. Weka 34 nyuma: mizunguko ni ile ile 60, mwendo unashuka hadi kilomita 7.5, na kazi inakuwa kama wati 164. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utafika juu ukiwa umekaa au ukiwa unaisukuma. Kabla ya kununua, uliza kama kibadilisha gia chako cha nyuma kinakubali meno 34. Vyenye mkono mfupi vingi vinakataa.

Muda nao usiupange kwa kilomita, utajidanganya. Upange kwa mita za kupanda. Mtu wa kawaida mwenye mazoezi kiasi anapanda kama mita 600 kwa saa. Kwa hizo 1,240 zako, saa mbili na ushee ni za kupanda tu. Ongeza tambarare, kushuka, na kusimama kupiga picha, ambako kila mtu husema hatafanya.

ShukaPole

Niwapinge kidogo. Mnasema "tulivu" kana kwamba maana yake ni "salama". Barabara pana, iliyonyooka, isiyo na magari ndiyo inayomwita dereva akanyage mafuta. Magari kumi kwa saa yanayokimbia yananitisha kuliko mia yanayotambaa. Ukipewa chaguo, chukua nyembamba yenye kona.

Na kwenye hiyo nyembamba, kumbuka kwamba dereva naye anaamini yuko peke yake. Kona usiyoona mbele, baki upande wako hata kama njia nzima inaonekana yako. Kengele si ya watoto. Taa iwake mchana, hasa kwenye msitu, ambako jicho la mtu aliyetoka juani halikuoni.

Barabara isiyopitwa pia haifagiliwi. Changarawe hukusanyika ndani ya kona, mahali pale pale unapotaka kuilaza baiskeli. Upande wa kivuli kuna kuvu na majani yaliyolowa. Kwa hiyo breki zako ziishe kabla ya kona, si ndani yake. Usizishike muda wote wa mteremko: zibane kwa nguvu, punguza mwendo, ziachie zipoe. Kwa kilo hizo hizo 80, kushuka mita 500 ni karibu kilojuli 390, na kila ambacho upepo haujakichukua kinaishia kwenye breki kama joto. Wenye rimu za kaboni zinazobanwa na breki ubavuni waisome sentensi hiyo mara mbili.

MzeeWaKontua

ShukaPole, hilo la barabara pana nalikubali bila ubishi. Naongeza saa. Jua likiwa chini asubuhi au jioni, angalia liko upande gani. Likiwa mgongoni kwako wewe unaona kila kitu, lakini dereva anayekuja mbele yako limempofusha.

PumziFupi

Asanteni sana. Nimehesabu kontua pale penye 23. Imetoka 11, na ni kwa mita 700 hivi. Barabara imechongwa kwenye genge kama Mzee alivyosema. Kuna tawi moja linaishia kwenye chimbo, nimelihamishia Jumapili. Gia ya 34 nitauliza.

Limebaki moja. Mzunguko huu una upande mkali mfupi na upande mrefu wa asilimia 4 hadi 5. Niuzungushe kwenda wapi?

GiaNdogo

Kama bado una 28 nyuma, panda upande mrefu.

ShukaPole

Halafu ashuke ule wa 11 na kona ambazo hajawahi kuziona? Hapana. Panda mkali, hata ukisukuma hizo mita 700, kisha shuka ule mpole.

MzeeWaKontua

Niko na ShukaPole. Kusukuma hakujamvunja mtu bega. Ila jaza maji kabla ya kuanza kupanda, na ujumbe wa kusema unapita njia gani utume ukiwa bado bondeni, kwa maana kwenye mikunjo ya milima simu hukosa mtandao.