Gemu za "episodi" za saa mbili: nauli unalipa kamili halafu wanakatisha ruti

Wakuu habari za mihangaiko. Huu uzi nauandika nikiwa na hasira na sijifichi, kwa hiyo kama wewe ni wa kutetea makampuni pita salama, au baki tugombane, vyote sawa kwangu.

Hivi nani aliwaambia hawa watu kwamba muendelezo wa gemu unaweza kuwa wa jioni moja? Gemu uliyoipenda imeishia pabaya, unasubiri miaka, unasikia muendelezo unakuja, unafurahi kama mtoto, halafu ikifika unakuta siyo gemu bali kipande, cha kudaunlodi tu, CD hakina, kimeandikwa "Episode 1" au kina jina refu baada ya nukta mbili, na bei wamebandika dola 15, 20, wengine mpaka 30. Juzi nimeingia mkenge wa hivyo. Jina la gemu silitaji maana sitaki uzi uhamie kwenye hiyo moja, nataka tuongelee mtindo wenyewe. Nimeanza kucheza baada ya kula usiku, baa ya jirani haijazima hata muziki tayari yanapita majina ya waliotengeneza. Na majina yalikuwa mengi aisee, bado kidogo yawe marefu kuliko gemu.

Na kabla hajaja mtu na "dola 15 tu mkuu", naomba akae chini. Dola 15 huku ni kama elfu arobaini, na hiyo ni kabla hujamkuta dalali. PlayStation Store Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zao, kwa hiyo unafungua akaunti ya Marekani au Uingereza, unaenda kutafuta kadi za kujazia hela, na kila anayeuza ana rate yake ya dola aliyoiota usiku. Halafu ndo uje kwenye bando. Gemu ikiwa fupi haimaanishi GB nazo ni chache, unaweza kulipia mzigo mzito tu, ukasubiri laini ijivute usiku kucha, kwa kitu kinachoisha kabla hata padi haijaomba chaji.

Sasa ngoja niweke wazi kinachoniuma, maana najua watu watakimbilia kusema "huyu anataka gemu ya saa 100". Sitaki gemu ya saa 100. Zile za saa 100 saa 60 unakuwa unaokota majani na kupanda minara, nimezichoka zaidi hata ya hizi. Ufupi siyo kosa. Kosa ni kuniuzia kipande cha hadithi kwa ahadi kwamba kipande kingine kipo njiani, wakati wao wenyewe hawajui kama kitakuja. Daladala ikikatisha ruti abiria wanashuka wanamdai konda chenji yao, hawa wanakushusha katikati na nauli wameshakula, halafu wanakuuliza umefurahia safari nyota ngapi.

Mfano mkubwa wote mnaujua, Half-Life, gemu ya risasi ya kampuni ya Valve. Ya kwanza 1998, ya pili 2004, miaka sita hapo. Valve wakaja na hoja tamu kwamba miaka sita ni mingi mno, badala ya kutengeneza gemu kubwa tutawapa vipande vifupi vitatu vinavyotoka harakaharaka. Kikaja cha kwanza Juni 2006, dola 20, masaa manne matano umemaliza. Cha pili Oktoba 2007, kimefungashwa ndani ya The Orange Box, na kile kipande kwa haki yake ni kizuri sana, sibishi, ila kinaishia pale mhusika mmoja mkubwa, Eli Vance, anauawa mbele ya binti yake, skrini inakuwa nyeusi. Basi. Cha tatu mpaka leo hakuna. Yaani mpango ambao sababu yake ilikuwa ni kutopoteza miaka ndo umepoteza miaka kuliko chochote. Mwaka 2017 Marc Laidlaw, aliyekuwa mwandishi wa hizo gemu, akaweka kwenye blogu yake hadithi inayofanana na mwisho huo, majina kayageuza, watu wakaisoma kama barua ya msiba. 2020 ikaja Half-Life: Alyx, na hiyo ya kuchezea inabidi uwe na kile kifaa cha kuvaa usoni, sijui wangapi humu mnacho. Na 2024 kwenye maadhimisho ya miaka 20 ya Half-Life 2 wakatoa filamu ya kumbukumbu wakatuonyesha na vipande vya majaribio ya hiyo episodi ya tatu, kuna bunduki ya barafu na nini na nini. Ahsanteni sana, mmetuonyesha chakula tusichoruhusiwa kula.

Nakubali, hapohapo 2024 vile vipande viwili wakaviunganisha ndani ya Half-Life 2 yenyewe, ukinunua moja unapata vyote. Ndo ilivyotakiwa. Ila imechukua miaka mingapi?

Twende kwa Sonic. Hii inaniuma kipekee maana Sonic ndo utoto wetu wengi tuliobahatika kukaa karibu na mtu mwenye Sega. Mwaka 2010 wakatangaza Sonic 4, na siyo jina dogo hilo, ukiita kitu Sonic 4 unasema huu ndo muendelezo wa Sonic 3 ya 1994. Watu wakajiandaa. Ikatoka Oktoba, "Episode I", dola 15, zone nne (yaani maeneo ya kucheza) na ile ya mwisho ya mabosi, wale maadui wakubwa. Zone nne! Na ndani yake ni kasino tena, ni magofu ya majini tena, mabosi wengi tumeshawapiga miaka ya tisini. Wenye Wii, ile mashine ya Nintendo, ndo waliolizwa zaidi, maana Episode I walinunua kwenye duka la Wii, halafu 2012 Episode II ilipokuja haikuja kwenye Wii kabisa. Yaani umelipia mwanzo, muendelezo unaambiwa kanunue mashine nyingine. Kuna kijizawadi waliweka, ukiwa na vyote viwili kwenye mashine moja unafunguliwa hatua za Metal Sonic, sasa mwenye Wii angepatia wapi? Episode III nayo ikafia njiani. Na lile duka la Wii likafungwa Januari 2019, kwa hiyo hata nusu yenyewe huwezi kuinunua tena humo.

Linganisha na Sonic Mania ya 2017. Dola 20. Zone 12. Gemu nzima, ina mwanzo ina mwisho, imetengenezwa na watu walioanza kama mashabiki. Tofauti ya bei na Sonic 4 Episode I ni dola 5. Dola tano wakuu! Kwa hiyo mtu asiniambie gharama, kwamba kwa bei ile haiwezekani kutoa gemu kamili, imewezekana, tena kwa Sonic huyohuyo.

(Na kweli mchezo huu wa kukata gemu vipande ni wa zamani, Sonic 3 na Sonic & Knuckles zilikuwa gemu moja ikagawanywa mbili, zote mwaka 1994. Lakini walau pale ilikuwa katriji, unaichomeka moja juu ya nyingine zinakuwa kitu kimoja, na ukiishiwa unamuuzia mtu. Mpaka leo ukiipata inawaka.)

Hapo kwenye kuuza ndo penyewe. CD nikiimaliza naipeleka Kariakoo nabadilisha na nyingine kwa kuongeza kidogo, au namuazima mshkaji, yaani hata gemu fupi inajilipa kwa kuzunguka mkono kwa mkono. Hii ya kudaunlodi nimeshaimaliza, imekaa tu kwenye akaunti kama picha ya marehemu. Kwa nini basi bei isishuke? Hakuna kiwanda cha CD, hakuna kontena, hakuna mwenye duka wa kumgawia faida kule mtaani, na mimi nimenyang'anywa haki ya kuuza. Punguzo langu liko wapi?

Gemu ya SiN Episodes ndo msiseme, walipanga vipande tisa, kikatoka kimoja 2006, mwaka uliofuata kampuni ikanunuliwa na wengine, kwisha habari. Moja ya tisa.

Na kampuni ya Telltale je? Hawa walijenga biashara nzima juu ya episodi. Septemba 2018 wanafukuza karibu wafanyakazi wote, wakati msimu wa mwisho wa gemu yao ya The Walking Dead umetoa kipande kimoja tu kati ya vinne, cha pili kikatoka siku chache baadaye, na watu wameshalipa hela ya msimu mzima. Bahati nzuri kampuni nyingine, Skybound, wakaja kuumalizia 2019, ila fikiria usingekuwa umaarufu wa jina lile nani angejisumbua. Wafanyakazi wenyewe waliondoka bila hata kiinua mgongo, kwa hiyo msidhani nawachukia wanaotengeneza, hasira yangu ni ya ofisi za juu zinazopanga bei na kuahidi.

Metal Gear Solid V: Ground Zeroes nayo siisahau, gemu ya kuvamia kambi ya jeshi kimyakimya, Machi 2014. Kampuni yake, Konami, walipanga kuiuza dola 40 ikiwa kwenye CD za PS4 na Xbox One, kelele zikapigwa, wakashusha 30. Magazeti ya gemu yakaandika kwamba misheni kuu inaisha chini ya saa mbili. Mashabiki wanasema oh kuna misheni za pembeni, oh unaweza kuirudia ile kambi kwa njia kumi. Sawa, kambi ni nzuri, kuingia kimyakimya kwenye ile mvua ni raha, lakini ni utangulizi jamani! Utangulizi wa The Phantom Pain iliyokuja Septemba 2015, nayo kwa maajabu ikatoka bila mwisho wake, misheni ya 51 tukaiona kama video ambayo haijakamilika kwenye diski ya ziada ya toleo la bei mbaya. Kwa hiyo umelipia utangulizi, ukalipia kitabu, ukurasa wa mwisho wamewapa matajiri tena bado uko kwenye rasimu ya penseli.

Sasa wa kuwasifu nao wapo, nisije nikaambiwa nina roho mbaya. Dead Rising 2: Case Zero, 2010, dola 5. Tano. Fupi, ina hadithi yake, na ukiimaliza level yako unahamia nayo kwenye Dead Rising 2. Hiyo ndo bei ya kionjo. Blood Dragon ya Far Cry 3, dola 15, haikuhitaji hata uwe na Far Cry 3, ni kichekesho kizima chenye mwanzo na mwisho. Uncharted: The Lost Legacy ya 2017, dola 40, ilianza kama nyongeza ya Uncharted 4 ikakua, na waliokuwa wamelipia kifurushi cha nyongeza mapema wakapewa bure. Dola 40 nilinung'unika, lakini nilipomaliza sikuona nimeibiwa, wale wanawake wawili safari yao wanaimaliza. Na Portal ya 2007 inaisha masaa matatu, umeshasikia mtu analalamika?

Kuhusu kurudishiwa hela. Steam, duka la gemu za kompyuta, wana utaratibu, ndani ya siku 14 tangu ununue na uwe umecheza chini ya saa mbili. Upande wa PlayStation ukishaanza kudaunlodi tu umekwisha, labda gemu iwe mbovu. Sasa ona kichekesho, gemu ya saa moja na nusu kwenye Steam mtu anaimaliza yote anarudisha, na wanaoumia hapo ni vijana wadogo wanaotengeneza gemu fupi za dola tano kwa jasho lao, siyo hawa wakubwa wa kukata vipande. Kwa hiyo hata hiyo dawa inampiga asiyehusika.

Ninachotaka ni kidogo sana. Waandike kwenye ukurasa wa kununulia kwamba hiki ni kipande, vitakuwa vingapi, na kama vingine visipokuja hela yangu inarudije. Kama hawawezi kuahidi hivyo basi wasiandike namba 1, wauze kama gemu fupi inayojitegemea na waimalize.

NYONGEZA: naona watu mmekuja moto, nijibu wachache.

Mdau unayesema nisubiri punguzo, nasubiri sana tu, lakini muendelezo ukitoka mitandao yote inamwaga mwisho wake siku hiyohiyo, na humu ndani nyie ndo wa kwanza kumwaga.

Uliyesema "hiyo hela si unakula kitimoto na bia mbili inaisha saa moja", mkuu, kitimoto hakiniambii mguu mwingine utatoka mwakani.

Wewe wa "dola kwa saa", hiyo hesabu ya kugawa bei kwa saa za kucheza ndo imetuletea gemu za kuokota majani, iache.

Na aliyenifuata inbox kuuliza kama nauza ile akaunti: siuzi, na rate uliyotaja ni matusi.