Kasuku wa kijivu, kokateli wawili au cherero: nimchukue yupi kutoka kituo cha ndege waliookolewa?

MkaziWaUmoja: Habari zenu wanajamvi. Kituo kinachopokea ndege walioachwa na wenyewe kimenipa hadi Ijumaa niamue. Wapo kasuku mmoja wa kijivu, kokateli wawili (kasuku wadogo wenye kishungi) waliokua pamoja, na cherero wawili (kasuku wadogo wenye mkia mfupi). Kasuku ndiye aliyenivutia, ila naomba ushauri wenu.

ShangaziWaNgong: Ndugu yangu, hujatueleza lolote. Je, unaishi katika fleti? Nani hubaki nyumbani mchana? Mnapikia makaa? Mapafu ya ndege hayavumilii moshi, na hata kikaango kisichoshika chakula kikiachwa motoni hadi kipate joto kupita kiasi hutoa mvuke unaoweza kumuua ndege kwa muda mfupi sana. Mimi ningechukua kokateli, kwa maana ni wapole na tayari wamezoeana.

MzeeWaKariokor: Kabla ya upole, tuzungumze kibali. Mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ziliamua kumhamishia kasuku wa kijivu kwenye Kiambatisho cha Kwanza, orodha yenye masharti makali zaidi, na hapa kwetu Kenya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumfuga bila kibali cha KWS, yaani Shirika la Wanyamapori. Usimpokee kabla hujaoneshwa karatasi zake.

BabaPacha: Nakubaliana na Mzee, nami naongeza yaliyonipata. Nilimchukua kasuku wa kijivu aliyekuwa wa mzee mmoja aliyefariki, na waliomkabidhi kwangu wakanihakikishia kwamba ni mtulivu. Hakuwa mtulivu, alikuwa na majonzi. Baada ya muda alianza kujinyonyoa manyoya ya kifuani hadi ngozi ikabaki wazi, na kila alfajiri alipiga mayowe hadi majirani wakamlalamikia mlinzi wa jengo. Daktari wa mifugo alimpima, akaeleza kwamba upweke ulichangia, na pia lishe ya mbegu za alizeti pekee aliyozoeshwa kwa miaka mingi. Tulimbadilishia polepole kwa sukuma wiki, karoti na papai, bila parachichi hata kidogo kwa kuwa ni sumu kwa ndege. Manyoya yamerudi kwa sehemu tu. Nampenda sana ndege huyu, lakini kasuku wa kijivu anaweza kuishi zaidi ya miaka 40, na anahitaji mtu wa kukaa naye kila siku.

Kijana_Naivasha: Basi achukue cherero. Huku kwetu wanaruka ovyo mitini, hivyo sidhani kama wanahitaji kibali.

MzeeWaKariokor: Kuruka mitini hakumfanyi ndege kuwa mali ya anayemkamata. Hata kama asili ya cherero wengi wa Naivasha ni ndege waliotoroka vizimbani, swali hilo hujibiwa na KWS, si sisi.

MkaziWaUmoja: Asanteni. Naishi ghorofa ya tatu, natoka saa kumi na mbili asubuhi, na mama yangu, ambaye ana pumu, ndiye anayebaki nyumbani.

ShangaziWaNgong: Hilo la pumu ulipaswa kulitaja mwanzo! Kokateli hutoa unga mwingi wa manyoya, na kasuku wa kijivu vilevile. Naondoa pendekezo langu hadi mama amwone daktari wake, kisha akae na ndege hao kituoni kwa saa kadhaa.

BabaPacha: Cherero hawana unga mwingi kiasi hicho, ingawa kelele zao ni kali. Omba Ijumaa isogezwe mbele. Na je, una kizimba tayari? Upana wake uzidi kimo chake, kwa sababu ndege huruka kwenda mbele zaidi kuliko kupanda juu.

Kijana_Naivasha: Wapo mafundi wanaovichomelea kwa kipimo chako, ila mkatalie fundi waya wa mabati yenye zinki, kwa maana ndege akiuguguna anaweza kudhurika.