Je, Tanzania ijitoe katika Jumuiya ya Afrika Mashariki?

Swali: Ndugu wanajukwaa, mwaka 2000 Tanzania ilijitoa COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika) ikabaki SADC (jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika), na maisha yakaendelea. Je, kwa nini tusifanye vivyo hivyo kwa Jumuiya, hasa sisi tunaohofia ardhi yetu?

Jibu: Hofu hiyo naielewa, ndugu yangu, lakini Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliacha masuala ya ardhi yaongozwe na sheria za kila nchi. Kujitoa kwa hofu hiyo ni kuhama nyumba kwa kumwogopa mgeni asiye na ufunguo.

Jibu: Mfano wa COMESA, kwa maoni yangu, haufai. Jumuiya ina Bunge, Mahakama na Umoja wa Forodha, na makao yake makuu yapo Arusha, kwetu wenyewe. Isitoshe, Ibara ya 145 ya Mkataba wa Jumuiya inaitaka nchi inayojitoa ipate kura za theluthi mbili ya wabunge wote wa bunge lake na itoe notisi ya miezi 12. Wazee wetu wanakumbuka kwamba Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977, lakini makubaliano ya kugawana mali na madeni yalitiwa saini 1984.

Mwuliza swali: Miaka saba! Hilo la madeni sikulifikiria.